Wageni wa Dada Yangu

Kwetu Pemba humsemi mtu waziwazi kwamba anajifungua, labda uwe huna adabu, au uwe unataka jicho la watu limpate. Unasema ana mgeni njiani. Mtoto akizaliwa salama unasema mgeni kafika. Na anayesikia hujibu kwa msemo ambao Waswahili wote wanao, mgeni njoo mwenyeji apone, ila sisi tukiusema kwa jambo hili tunaukusudia neno kwa neno: mtoto aje, na mama apone. Nimesomesha Kiswahili skuli ya sekondari ya hapa Wete kwa zaidi ya miaka ishirini na sijakutana na dua fupi kuliko hiyo.

Neno hilo, mgeni, ndilo lililotuvunja. Na aliyelichezea si mtu wa mbali. Ni mimi, mwalimu wa lugha.

Dada yangu ni mkunga katika kisiwa cha Fundo. Mama yetu alifariki mimi sijaanza kutembea, na dada, ambaye alikuwa na miaka kumi na mmoja, akanifunga mgongoni kwa kanga ya marehemu, akawa anakwenda na mimi kila pahala: kisimani, chuo cha Kurani, shamba wakati wa karafuu. Watu wanasema nilichelewa kutembea kwa sababu sikuwa na haja ya miguu. Alipoolewa Fundo nililia mpaka wakanivusha nikakae kwake wiki nzima, bibi harusi na mtoto wake wa darasa la tano. Nilipopata simu yangu ya kwanza sikuliandika jina lake. Niliandika Mgongo Wangu, na hakuna mtu mwengine aliyemwita hivyo, hata yeye mwenyewe alikuwa hajui.

Ukisimama Wete unaiona Fundo, lakini kuona si kufika. Maji yakijaa, boti inafika karibu na nyumba za watu. Yakitoka, hasa siku za bamvua, yanatoka mbali sana, na kila chombo kinabaki kimelala kwenye tope mpaka maji yarudi. Uchungu haujui bamvua. Dada aliwahi kuona wanawake wawili wakizidiwa ufukweni huku hospitali iko upande wa pili, mtu anaweza kuionesha kwa kidole. Baada ya huyo wa pili akaja kwangu na simu yake mpya, akaniambia nimfundishe kuunda kundi.

Aliliita Wageni Wetu. Ndani yake walikuwamo wanawake wa kisiwani, wanaume wenye vyombo, na sisi jamaa wachache wa Wete. Dada akimwona mja mzito ameanza dalili, anaandika: Mgeni yuko njiani. Hataji jina wala nyumba. Aliye karibu na chombo anakitoa mpaka maji makuu kabla maji hayajakauka, hata akiwa na ndoana mkononi anaikunja. Wanawake wanatayarisha godoro na kanga. Mimi nasimama bandarini Wete na gari la kuazima. Kisha kundi zima linajibu, mmoja mmoja, mgeni njoo mwenyeji apone, mgeni njoo mwenyeji apone, mpaka simu inachoka kulia. Simu yangu niliizima sauti kwa makundi yote isipokuwa lile.

Baadaye ikaja mashine. Mwanamke mmoja wa Ulaya, aliyekuwa akija kutazama mambo ya pweza na majani ya baharini, alilala kwa dada siku chache na akashuhudia mzazi mwenye uchungu akibebwa kitandani juu ya tope. Alirudi kwao, akazungumza na wenziwe, wakatuletea mashine ya boti. Ilikuja na kibandiko cha bendera yao ubavuni. Dada alitaka kukibandua, watoto wakamkatalia kwa sababu kilikuwa kizuri.

Ukaja msimu wa uchaguzi, na watu wakapoteza akili. Ukiiamini simu yako wakati ule, basi nyuma ya kila mkarafuu kuna mpelelezi. Meli za kigeni, ndege za usiku, Wazungu waliojificha, kila mtu ana picha na hakuna aliyeipiga. Mimi nilikuwa mkali sana wa mambo hayo. Katika chumba cha walimu nilikuwa nasema kwa sauti kwamba anayesambaza uongo akamatwe, na kwamba hizi sheria zinazotaka watu wajisajili kabla ya kutangazia umma mitandaoni, na vikundi vieleze kinachotoka nje, zimechelewa. Sikuwa natania. Hata leo siwezi kusema kwamba nchi iishi bila sheria ya uongo, kwa sababu uongo nimeuona unavyotembea, na wangu ulikuwa na kasi kuliko yote.

Ulianza hivi. Siku moja, saa nne asubuhi, dada aliandika kundini: Mgeni yuko njiani. Nadhani ni wawili. Tayarisheni mashine. Wakafuata wa mgeni njoo, mgeni njoo. Mimi nilikuwa bandarini nikingoja, sina la kufanya, na mtu asiye na la kufanya mwenye simu mkononi ni hatari kwa jamii. Nikaipiga picha skrini, nikaituma kwenye kundi la wale niliosoma nao chuo cha ualimu, wengi wao watu wa Unguja na bara, nikaandika chini yake: "Jamani, wageni wawili wanaingia Fundo kwa mashine ya Ulaya, na wenyeji wanashangilia. Mamlaka mko wapi?" Nikatia vikaragosi vya kucheka, vinne au vitano. Wakacheka. Mmoja akasema mwalimu umetisha. Pacha walifika salama, na mimi nikasahau.

Baada ya alasiri picha ile ilirudi kwangu kutoka kwa mwalimu mwenzangu ambaye hakuwamo katika kundi lile. Vikaragosi havikuwapo. Juu yake kumeandikwa kwa herufi kubwa TAHADHARI, wageni wanaingizwa Pemba kwa siri kupitia visiwa vidogo, tuma kwa kila unayemjua. Nilikimbilia kufuta ya kwangu. Simu ikaniambia ujumbe umefutwa kwa wote. Magharibi shemeji yangu wa Dar es Salaam akanitumia ileile, ananiuliza kama sisi tu wazima. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na bando.

Sikumpigia dada. Nilijiambia itapita.

Haikupita. Baada ya siku chache dada aliitwa kwenye ofisi ya serikali hapa Wete, akaniomba niende naye kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Kijana aliyetupokea alikuwa mtu wa Unguja, ameajiriwa karibuni, mpole. Alituamkia sote wawili shikamoo na akamvutia dada kiti. Mimi nikakaa nyuma, karibu na mlango. Juu ya meza alikuwa na karatasi, picha yangu, imechapwa kwa rangi.

Akamuuliza: "Bi Mkubwa, kikundi chenu kimepokea wageni wangapi?"

Dada akatoa daftari lake mkobani, akavaa miwani. "Tokea mwanzo? Wengi, alhamdulillahi," akasema. "Mwezi huu wanne, na wawili pacha."

Kijana aliweka kalamu chini. Hapo nikaingilia, nikamweleza kwa Kiswahili changu cha darasani mgeni ni nani kwetu sisi na mwenyeji ni nani. Alicheka mpaka akatoa kitambaa kujifuta macho, na dada naye akacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, kwa sababu nilidhani yamekwisha.

Lakini faili likishafunguliwa halifungwi kwa kucheka. Alipomaliza kujifuta alifungua ukurasa mwengine. Mashine ya boti imetoka wapi, na imeripotiwa wapi? Kundi lina watu wangapi, na nani aliyelisajili? Alisema malalamiko yamefika juu na yeye lazima aandike kitu. Hakuwa mtu mbaya, na ningependa awe mbaya, ingenisaidia. Akatupa fomu mbili, moja ya kusajili kikundi na moja ya kueleza msaada wa nje. Mpaka zipite, kundi linyamaze na mashine iwekwe ndani. Ni wiki chache tu, alisema.

Kisha akasema kwamba wao hasa hawamtafuti dada. Wanamtafuta aliyepiga picha na kuisambaza, huyo ndiye mwenye kosa, na akijulikana basi dada atakuwa shahidi tu. Akamkabidhi ile karatasi aitazame vizuri.

Dada aliisogeza karibu. Akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya buibui, akaivaa tena. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Nilijua pale pale kwamba neno moja langu lingemtoa kwenye kiti kile na kunikalisha mimi, na nilikuwa nimelishika mdomoni kama kitonge cha moto.

"Simjui," dada akasema, akairudisha karatasi.

Nikamshukuru Mungu. Ndiyo, nilimshukuru.

Tulishuka mpaka bandarini. Kabla hajapanda chombo alinigeukia akaniuliza, "Weye u mzima?" Nikasema mzima. Akasimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu sokoni, kisha akapanda.

Fomu nilijitolea kuzijaza mimi, na nilizijaza kwa bidii ya mtu anayelipa kafara. Zilikuwa na maswali ambayo sikujua nitayajibuje. Lengo la mfadhili wa kigeni ni nini? Nikaandika, wazazi wasife. Shughuli za kikundi ni zipi? Kupokea wageni sikuweza kuandika. Zilirudishwa mara ya kwanza kwa sababu jina la kikundi linaleta utata, tulibadilishe. Dada akakataa, akasema jina wamelitoa wenye watoto. Nikambembeleza wiki mbili. Wakati huo wote kundi lilikuwa kimya, kwa sababu dada, tofauti na mimi, akiambiwa nyamaza ananyamaza. Ujumbe wake wa mwisho ulisema: Tumeambiwa tungoje. Mwenye haja anipigie.

Sasa niseme la binti yangu. Ninaye mmoja tu, na aliolewa hukohuko Fundo, kwa mvuvi, nyumba ya tatu kutoka kwa dada. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kwa desturi mimba ya kwanza mtu hurudi kwa mama yake. Chumba nilikwishamtayarishia, nimefua chandarua, nimenunua beseni. Alikuwa avuke Jumamosi. Uchungu ukamshika Jumatano, wiki tatu kabla ya siku zake, asubuhi, bamvua, maji yameanza kutoka.

Yaliyotokea nilihadithiwa na dada. Anasema alipomgusa tumbo tu alijua kwamba kuna saa moja ya maji na si zaidi. Zamani angeandika maneno matatu. Siku ile alianza kupiga simu, mmoja baada ya mmoja. Mumewe binti yangu alikuwa nje ya mtandao. Wa pili simu imezimwa. Wa tatu haipokei. Mwenye ufunguo wa ghala ilimofungiwa mashine alikuwa Micheweni mazikoni. Akamtuma mwanamke akimbie pwani, na alipopata chombo cha makasia, maji yalikwishakwenda. Wakambeba binti yangu juu ya kitanda cha kamba, ndani ya tope lililofika magotini, dada akitembea pembeni amemshika mkono, mpaka kwenye maji makuu, ndipo wakampakia chomboni.

Kuna mvuvi mmoja ambaye alikuwa mbele tu ya kisiwa, upeo wa macho, chombo chake kinaelea. Alikuja kulia kwangu baadaye, mtu mzima mwenye mvi. Anasema asubuhi ile aliitoa simu kwenye mfuko wa nailoni mara mbili, akatazama saa, akairudisha. Ingekuwa imeandikwa kitu angekiona.

Na mimi nilikuwa darasani, kidato cha pili, nikisahihisha insha. Simu ilikuwa ndani ya mkoba, sauti imezimwa, kwa sababu kundi pekee lililokuwa na ruhusa ya kulia halikuwa likilia tena. Wakati wa mapumziko niliitoa. Nilikuta simu tisa ambazo sikuzipokea, zote za Mgongo Wangu.

Nilikimbia hospitali na chaki mkononi. Dada alikuwa mlangoni, buibui lake limekauka tope mpaka kiunoni, amekaza uso namna alivyokuwa akikaza siku za karafuu, mimi nikiwa mgongoni na gunia kichwani.

"Mwenyeji kapona," akaniambia.

Akanyamaza hapo. Mpemba yeyote akiisikia nusu ile peke yake haulizi. Mtoto alikuwa mwanamume, alizaliwa chomboni katikati ya maji, na hakulia. Dada alimsikiliza kifua kwa sikio lake mpaka walipofika nchi kavu, anasema hakutaka kuwa wa kwanza kujua. Alikuwa amemviringisha kwenye kanga, nami nikampokea, mjukuu wangu, mzito kuliko nilivyotegemea. Alikuwa na nywele nyingi. Nilimpangusa kwa leso yangu, na chaki ya mkono wangu ikamganda shavuni, nikampangusa tena.

Siku ya tatu baada ya maziko nilivuka Fundo. Dada alikuwa jikoni anapepeta mchele. Nilikaa kwenye kigoda nikamwambia yote, tangu bandarini, picha, vikaragosi, mpaka siku ya ofisini. Sikujitetea. Yeye hakuacha kupepeta.

"Nlijua," akasema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu kwenye ile karatasi. Juu ya maneno yangu pameandikwa Mgongo Wangu. Watu wa hapa wote wakiulizana, huyu Mgongo n'nani? Miye nkasema sijui. Nani mwengine nlimbeba?"

Picha ile niliitazama mara ngapi, sijui. Jina lile lilikuwa pale juu, kwa rangi ya kijani, kama simu inavyoliweka, na sikuliona, kwa sababu ni jina ninaloliona kila siku ya maisha yangu. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Angenitaja siku ile, mashine ingebaki nje na kundi lingebaki wazi, na mimi ningelipa nilichofanya. Sheria ile, kwa mara moja, ingempata mtu wake. Nilisema hivyo kwa hasira, kana kwamba ni yeye aliyekosa.

Ungo ukasimama. "Nlikubeba kae, tokea u mchanga, mdogo wangu," akasema. "Kukutua sikufundishwa."

Aliinamisha kichwa, na hapo ndipo nilipomwona analia, dada yangu ambaye hakulia hata siku ya mama. Alijilaumu yeye. Mpaka leo anajilaumu yeye, na hilo ndilo siwezi kulibeba.

Nilikwenda ofisini peke yangu, wiki ile ile, kujisema. Kijana yule alikuwa amehamishwa. Aliyekuwapo alitafuta, akaniambia faili limefungwa, mama, hakuna mlalamikaji, na akanionesha kwa furaha kwamba cheti chetu kimetoka. Jina jipya la kikundi limeandikwa kwa wino mweusi: Kikundi cha Usafiri wa Dharura. Mashine imetoka ghalani na kundi limefunguliwa. Dada sasa huandika, kuna dharura, na watu huja, wanakuja haraka kama zamani. Lakini hakuna anayejibu kwa dua. Nani atamwambia dharura njoo?

Binti yangu yuko kwangu tangu wakati ule, kwenye chumba kile kile. Amepata nafuu ya mwili. Beseni nililiondoa. Jioni hukaa barazani akaniuliza mambo, na swali lake moja hurudi kila baada ya siku chache: nani aliyepiga ile picha, na anajua alichokifanya? Husema hamtaki ubaya, anataka tu kumwona uso. Mimi husema Mungu anamjua. Hilo si uongo, lakini nimelitumia kama uongo.

Jana alikuwa anaanika nguo, simu yake haina chaji, akaniomba yangu ampigie mama yake mkubwa. Nimekuwa mwangalifu. Miezi yote hii akitaka kumpigia, mimi ndiye ninayebonyeza, nikishapiga ndipo nampa. Jana mikono yangu ilikuwa na unga. Akaichukua mwenyewe kwenye mkeka, akaandika Mama Mkubwa, hakuna; akaandika Dada, hakuna.

"Mama, umemwandika vipi?" akaniuliza.

Ningeweza kusema lete. Kunawa mikono ni jambo la dakika moja. Nilimtazama alivyosimama pale, kanga begani, kidole juu ya skrini, anangoja jibu la kawaida kabisa.

"Mgongo Wangu," nikamwambia.

Kidole chake kilisimama. Alikaa chini kwenye mkeka polepole, akaishika simu kwa mikono miwili, akainua macho kunitazama uso.